Ndiva Imelala, Rudi Asubuhi

Vijana wa Same, najua mnaniita Bibi Flopi. Nimewasikia pale kwenye vibanda vya mafundi simu karibu na stendi, mkidhani sikio la mzee limekwisha. Halijaisha, na jina nimelipenda, endeleeni nalo. Ila juzi mmoja wenu alipokuwa ananibadilishia kioo cha simu aliniuliza, tena kwa upole kabisa, "Bibi, eti kompyuta za zamani zilikuwa zinatumia mkaa?" Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikaona kumbe kuna mengi hamjaambiwa, basi kaeni kitako.

Naitwa Nambike. Nilizaliwa Shighatini, Ugweno, nikashukia Same kutafuta kazi ya uchapaji, na nikaipata kwenye ofisi ya mradi wa mifereji. Mradi ule ulihudumia milima yote ya Upare, kusini na kaskazini, na shughuli yake kubwa ilikuwa ndiva. Nyie mliozaliwa na bomba uani labda hamzijui. Ndiva ni bwawa dogo ambalo wazee wetu walilijenga mlimani. Maji ya mfereji hulala humo usiku, alfajiri kizibo kinachomolewa, na mashamba ya chini yanamwagiliwa kwa zamu hadi jioni, kisha kinazibwa tena. Siri ya ndiva ni zamu. Bwawa lisilo na zamu ni ugomvi uliojazwa maji.

Nimestaafu miaka mingi sasa, na nilidhani mambo ya ndiva nimeyaacha kwenye faili. Mwaka jana akaja Namsifu.

Namsifu ni mama wa Ngujini, mkulima, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Aliteremka na basi la asubuhi akiwa na mkungu wa ndizi kichwani, maana mkono mtupu haulambwi, akapiga hodi.

"Shikamoo, dada Nambike."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu, tua mzigo."

Hakutua. Alisimama mlangoni na mkungu wake, akachomoa kwenye mfuko wa nailoni karatasi iliyotolewa fotokopi. Niliitambua kabla sijavaa miwani: matundu pembeni, na herufi za vidoti vidoti. Ilikuwa kazi yangu.

"Ndiva yetu inafufuliwa," alisema. "Imejengewa ukuta wa saruji. Kamati inagawa zamu, na wamesema watafuata orodha ya mradi wa zamani. Jina la mama yangu Nakijwa halimo. Dada, mama alikuwa anafungua maji kila Alhamisi, zamu ya kwanza kabisa. Mimi nilikuwa mgongoni kwake. Sasa naambiwa shamba lile halina zamu. Bila maji pale pataota nini, mawe? Na hapa chini pana sahihi. Wanasema ni yako."

Ilikuwa yangu, yenye mkia mrefu, kama nilivyokuwa nasaini nikiwa binti mwenye majivuno. Nikatafuta Alhamisi. Mbele ya namba 12 palikuwa na jina la Kiangi. Nakijwa hakuwemo mahali popote.

Kosa lile nililijua. Nilikuwa nimelisahihisha kwa vidole vyangu hivi, ila masahihisho hayakuwahi kuchapwa. Yalikuwa ndani ya flopi, zile diski bapa za plastiki tulizohifadhia kazi kabla ya flashi, na flopi zilikuwa ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati langu la vyombo. Nikamtua Namsifu mkungu, nikachemsha chai, nikamwambia yote. Mficha uchi hazai.

Mtauliza, neno langu lisingetosha? Nilimpigia simu mwenyekiti wa kamati. Akanijibu kwa adabu, "Mama, tukianza kugawa maji kwa kumbukumbu, kila mtu atakumbuka zamu. Tuletee maandishi." Alikuwa sahihi, ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo. Ila mjue na hili: mwenyekiti huyo ni mtoto wa yule Kiangi, na zamu ya kumi na mbili Alhamisi ilikuwa inaelekea kwake. Kikao cha kupitisha orodha kilikuwa Jumamosi ya wiki ya pili.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo, mwone kosa lilivyozaliwa.

Kompyuta ile ilifika Same wakati ambao kupata mche wa sabuni ilikuwa kazi ya nusu siku. Unapanga foleni ya sukari, unakosa, unarudi ofisini kukaa mbele ya mashine ambayo mkoa mzima ulikuwa unaisikia redioni tu. Utepe wa taipureta tulikuwa tunaufufua kwa mafuta ya cherehani. Karatasi tulichapa pande zote mbili, na kama pembeni palibaki nafasi tulikata tukaandikia vikumbusho. Kwenye chumba cha kompyuta watu walivua viatu mlangoni. Kuna mzee mmoja alishuka kutoka mlimani kuleta majina ya kijiji chake, akavua viatu, akavua na kofia, akabaki amesimama kimya kabisa. Nilipomuuliza vipi akasema anasubiri sala ianze.

Aliyenifundisha kazi hakuwa mtaalamu wa kompyuta. Alikuwa Fundi Zuberi, fundi redio wa hapa mjini, ukoo wao unafanya biashara kwenye barabara hii tangu enzi za mababu. Ofisi ilimwita aangalie umeme, kwa sababu umeme wa Same ulikuwa na hasira zake. Zuberi alileta balbu ya kawaida akaitundika juu ya meza. "Binti," akaniambia, "kabla ya kuwasha mdude wako, washa balbu. Ikiwa nyekundu, kunywa chai. Ikiwa nyeupe kupita kiasi, kimbia. Ikiwa kama kawaida, fanya kazi." Kwa balbu ile tuliiokoa mashine mara nyingi kuliko kwa kifaa chochote cha kigeni.

Na alikuwa na kanuni yake, aliirudia mpaka nikaichoka. "Chombo kikigoma, kwanza angalia umeme. Pili angalia waya. Tatu jiangalie wewe mwenyewe. Chombo kilaumu mwisho." Nilikuwa namjibu, "Ndiyo, fundi," huku moyoni nikisema mbona mimi sina kasoro.

Mtaalamu wa mradi alikuwa kijana wa kigeni, mpole, mwenye Kiswahili cha kitabuni. Ugonjwa wake ulikuwa saa. Siku moja alitangaza mkutano wa wazee "saa nne". Wazee wakashuka mlimani, wakafika saa nne asubuhi, wakakuta ukumbi umefungwa, wakasubiri, wakapanda zao. Yeye akafika saa kumi jioni na chati zake kwapani, akakuta mbuzi wawili. Alikuwa ameangalia mkono wa saa, ukasema nne, naye akasema nne. Nilimweleza kwamba sisi tunaanza kuhesabu jua linapotoka, siyo usiku wa manane watu wakiwa wamelala. Akaandika kwenye daftari lake, akapigia mstari, na wiki iliyofuata akakosea tena.

Huyo ndiye aliyeandika programu ya kwanza ya zamu. Kila mstari ulikuwa na siku, saa na jina. Kanuni yake: siku moja na saa moja ni jina moja. Ukiandika jina jingine kwenye saa ileile, la kwanza linafutika, kwa kuwa aliona umejisahihisha. Nami nikaziandika saa kama wazee walivyozitaja.

Hesabuni na mimi. Kutoka alfajiri hadi jioni, saa zetu ni kumi na mbili, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na moja, halafu kumi na mbili tena. Namba moja tu ndiyo inajirudia. Kwenye ndiva nyingi haikuleta shida, kwa sababu mwenye zamu ya mwisho anaziba mwenyewe na hakuna jina la saa kumi na mbili jioni. Lakini ndiva ya Ngujini, siku ya Alhamisi, mwenye zamu ya mwisho alikuwa mzee mwenye mguu mbovu. Wakakubaliana jirani yake wa nyumbani, Kiangi, apande kumzibia. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa Alhamisi nikaandika Nakijwa, 12. Mstari wa mwisho nikaandika Kiangi, 12. Mashine ikamfuta Nakijwa bila hata kukohoa. Nami nikachapa, nikasaini na ule mkia mrefu, karatasi ikapanda mlimani.

Niliona kosa wiki kadhaa baadaye, nilipokuwa nalinganisha na daftari nililoandikia maneno ya wazee. Nikamwendea Zuberi nikiwa karibu kulia. Akaniuliza swali moja, "Hiyo mashine inakaa Same au inakaa Ulaya?" Nikasema inakaa Same. "Basi ifuate saa za Same."

Basi nikajifunza, usinione hivi, nikaiandika upya programu ile. Saa kumi na mbili alfajiri nikaiita sifuri, saa moja ikawa moja, hadi kumi na mbili ya jioni. Halafu nikairudisha nyuma saa ya kompyuta kwa saa sita, ili ukiiwasha saa tatu asubuhi nayo iseme tatu, na orodha ikuonyeshe nani ana maji wakati huo. Nadhani Upare nzima ile ndiyo ilikuwa kompyuta pekee inayojua saa. Nikaongeza na utani wangu mmoja ndani ya programu, utani ambao ulikuja kunitesa, nitausema mahali pake.

Nakijwa nikamrudisha kwenye Alhamisi yake, nikahifadhi kwenye flopi mbili. Kuchapa ndiko kulikoshindikana. Utepe wa printa ulikuwa umekwisha. Ukaagizwa, ukaahidiwa, ukasubiriwa. Nikajisemea nitapanda Ngujini mwenyewe niwaambie. Sikupanda. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo, si mashine. Nakijwa hakulalamika kwa sababu mlimani hakuna aliyefuata karatasi, walifuata wazee, na zamu yake aliendelea nayo mpaka ukuta wa ndiva ulipopasuka ikaachwa. Karatasi ikakaa ndani ya faili, ikisubiri wazee waishe.

Halafu kikaja kipindi cha ruksa. Maduka yakajaa, sabuni ikawa ya kuchagua harufu, mitumba ikafika mpaka juu kabisa mlimani. Ofisi yetu ndiyo ikawa tupu: mradi ulifungwa, vitu vikapigwa mnada. Kompyuta aliinunua mwenye baa, akaweka kioo juu ya kaunta kwa fahari, na lile sanduku lake akaliacha uani. Mwaka mmoja baadaye nilipita nikakuta kuku amelala ndani yake, ametaga mayai sita. Nikasema angalau kuna kumbukumbu mpya humo.

Sasa tuje kwenye hiyo wiki na nusu niliyokuwa nayo.

Flopi kwanza. Nilizitoa kwenye kopo. Ukavu wa Same ulionikaushia migomba yote ya uani ndio uliozitunza flopi zangu, ningezihifadhi Shighatini ukungu ungezila. Msome hapa vizuri: kabla hujaingiza flopi ya zamani popote, kuna kidirisha kidogo kwenye kona yake. Kisukume mpaka uone mwanga unapita. Hapo mashine itaisoma lakini haiwezi kuiandikia. Nilimwagiza mpwa wangu wa Dar kisomeo cha flopi cha kuchomeka kama flashi, kikaja na basi. Flopi ya kwanza ilikwaruza ikakata tamaa. Ya pili ikasoma yote. Nikanakili flopi nzima kuwa faili moja, nikanakili na hiyo nakala, ndipo nikavuta pumzi.

Ila programu ya enzi zile haifunguki kwenye kompyuta za sasa. Inahitaji emuleta, yaani programu inayojifanya mashine ya zamani ndani ya mashine mpya. Mchukulieni mjukuu aliyezaliwa mjini anayeongea na bibi yake kwa lafudhi ya mlimani. Bibi akifunga macho anadhani yuko na mdogo wake. Ndivyo programu ya zamani inavyodanganywa.

Nilianza kwenye kompyuta mpakato ya binti yangu, yenye Windows. Yeye anaitumia asubuhi, mimi naipata baada ya chakula cha mchana. Kosa langu la kwanza lilikuwa folda. Niliita "Kazi za Mama Nambike", na mashine ya zamani haipendi majina marefu wala nafasi katikati. Herufi nane, mwisho. Nikaiita NDIVA. Kisha unaiambia emuleta: folda hii ndiyo diski yako C. Kosa la pili lilikuwa mwendo. Mashine za sasa zina mbio, menyu yangu ilipita kabla sijaisoma. Emuleta ina faili la mipangilio ambamo unapunguza mizunguko ya kazi. Nikaipunguza mpaka ikatembea mwendo wa enzi zangu. Nikafungua programu. Kioo kikaandika:

NDIVA IMELALA. RUDI ASUBUHI.

Nilicheka kwa furaha, maneno yalikuwa yangu mwenyewe! Ila kwa nini yanatokea, sikukumbuka. Nikaamini niliyaweka yatokee pale programu inapokosa faili la majina. Basi nikaanza kuhangaika na mahali pa faili. Nikahamisha, nikarudisha, nikabadilisha njia ya kulifikia, siku tatu nzima. Ndiva ikaendelea kulala. Nikasema hapana, shida ni Windows.

Nikaenda kwa daktari wa zahanati, ana Mac. Ananipenda kwa sababu namletea maparachichi. Wagonjwa wakiisha, mnamo saa tisa, ananiachia meza. Kule faili la mipangilio limewekwa ndani ya folda ya maktaba ambayo haionekani mpaka uiombe ionekane. Lazima pia uiruhusu emuleta kugusa folda zako, vinginevyo inaona diski tupu. Na vitufe vya juu vya F, ambavyo programu yangu inavitegemea, vinataka ushikilie kitufe kingine pamoja navyo. Nilibonyeza F10 mara saba, na kila nikibonyeza sauti ya kompyuta ilikuwa inazimika au kuwaka. Nilipojua nikafungua.

NDIVA IMELALA. RUDI ASUBUHI.

Nikasema daktari, Mac yako nayo imelala.

Siku zikaisha, ikafika Ijumaa, kesho yake ndiyo kikao. Namsifu akashuka tena, hakuweza kukaa kwao. Tukaenda wote shule moja ya sekondari hapa mjini, ambako mwalimu wa kompyuta amefufua mashine kuukuu kwa Linux. Tulisubiri vipindi viishe. Linux ina ukali wake wa mwalimu wa sarufi: herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja. Kwake NDIVA na ndiva ni watu wawili wasiojuana. Nikaandika majina yote kwa herufi za aina moja. Faili la mipangilio linakaa kwenye folda inayoanza na nukta, na vyenye nukta mwanzoni hujificha. Nikalitafuta nikalipata. Nikafungua.

NDIVA IMELALA. RUDI ASUBUHI.

Niliegemea kiti. Nilimwambia Namsifu, "Mdogo wangu, nisamehe. Nadhani faili limeharibika." Na machozi yalikuwa karibu, sitawaficha.

Namsifu alikuwa ameinama anasoma kioo, kidole juu kwenye kona.

"Dada, sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Mbona hii imeandika kumi na sita?"

"Ndivyo kompyuta zinavyohesabu."

"Wewe!" akasema. "Duniani kuna saa kumi na sita? Ndiva gani inafunguliwa saa kumi na sita? Hata mimi ningelala."

Nikatoa mikono kwenye kibodi kama iliyoungua. Utani wangu! Enzi za uhaba ule, makarani walikuwa wanarudi ofisini jioni kuchapa barua zao za posa kupitia programu hiyo na kutumalizia karatasi. Nikaweka kufuli: saa ikizidi kumi na mbili, yaani jua likizama, programu isifunguke, iwaambie ndiva imelala. Kwenye mashine yangu iliyofuata saa za Same, kufuli lilifanya kazi vizuri. Lakini emuleta huchukua saa kutoka kwenye mashine mwenyeji, na mashine zote tatu, mchana, zilisema kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Kwa ndiva yangu huo ni usiku wa ajabu.

Na mcheke sasa: kioo kilikuwa kinaniambia dawa siku zote. Rudi asubuhi. Ningerudi asubuhi, saa mbili, mashine ingesema nane, nane haijazidi kumi na mbili, na kufuli lingefunguka. Niliyaandika mwenyewe, nikakataa kuyatii mwenyewe. Fundi Zuberi ni marehemu, Mungu amrehemu, lakini nilimsikia kabisa: tatu jiangalie wewe, chombo kilaumu mwisho. Mimi nilianza na chombo, tena vyombo vitatu, vya watu.

Emuleta nyingine hukubali uziandikie saa. Nyingine hufuata mwenyeji wake, na hapo unabadilisha saa ya mwenyeji, kisha usisahau kuirudisha. Ya pale shuleni ilikubali. Kumi na sita toa sita. Nikaandika kumi, nikabonyeza.

Orodha ikafunguka, herufi za kijani kwenye kioo cheusi, nzuri mpaka nikaugusa mkono wa Namsifu. Ngujini. Alhamisi. Saa sifuri, NAKIJWA, KUFUNGUA. Nikashuka hadi chini: saa kumi na mbili, KIANGI, KUZIBA.

Namsifu alilisoma jina la mama yake kwa sauti ndogo, mara mbili. Kisha akakaa chini sakafuni akajifuta uso kwa kanga. Mwalimu akatuchapia nakala tatu.

Kesho yake tulipanda na basi la kwanza. Kikao kilikaa kwenye darasa la shule ya msingi Ngujini. Niliweka karatasi mbili mezani, ya zamani na mpya, nikasimama.

"Hii ya zamani niliichapa mimi, na sahihi ni yangu. Ina kosa, na kosa ni langu. Hii nyingine ndiyo sahihi, nami nilitakiwa kuileta hapa nikiwa bado na magoti mazuri. Naomba msamaha."

Mjumbe mmoja akanyoosha mkono. "Mama, kwa heshima zote. Si ungeweza kuichapa hii jana?"

"Niliichapa jana," nikasema. Darasa likacheka. "Na ningeweza kuighushi. Ila baba, mtu akitaka kudanganya hujipamba. Mimi nimesafiri na basi kuja kujiaibisha mbele yenu."

Watu wote wakamgeukia mwenyekiti, maana kila mtu alijua zamu ile inaelekea kwa nani. Alikuwa ameishika karatasi mpya, anausoma mstari wa mwisho wa Alhamisi. Akausoma muda mrefu.

"Kuziba," akasema hatimaye. "Baba alikuwa anarudi jioni za Alhamisi ana matope mpaka magotini. Mimi nilidhani anatoka kumwagilia." Akacheka peke yake. "Kumbe wakati ule hatukuwa hata na shamba upande ule. Mama yangu alikuwa akimgombeza kila wiki, unachafukia maji ya wenzako!"

Akachukua kalamu, akalipiga mstari jina la baba yake kwenye orodha ya kamati, akaandika Namsifu. Kisha akasema kuziba kwa Alhamisi ataendelea nako yeye, kama baba yake.

Namsifu alinikataza kushuka Same mpaka nione maji. Alhamisi iliyofuata alfajiri tulisimama juu ya ukuta mpya wa saruji, baridi inatung'ata, ndiva imejaa mpaka ukingoni. Alishuka kwenye kizibo akajifunga kanga kiunoni, akashika mpini kwa mikono miwili. Shamba la mama yake lilikuwa chini yetu, limelimwa, limepandwa maharage.

"Dada, saa ngapi?"

Niliangalia simu. Ilisema sita kamili.

"Kumi na mbili," nikamwambia.

Akageuza uso, anacheka. "Ya kufungua au ya kuziba?"

"Ya kufungua, Namsifu. Fungua."